Mji Mkongwe na bahari kutoka Lubumbashi: ratiba tuliyouziwa

Mwezi wa saba 2025 tulienda pwani ya Tanzania na Zanzibar, mimi, mume wangu na watoto wawili, kwa mpango wa ajansi moja ya safari ya hapa Lubumbashi, Kongo. Pesa ilitoka kwenye likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ya akina mama tunaouza vitenge soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, na zamu yangu niliingoja miezi kumi na minne. Kwa hiyo kila dola naikumbuka.

Barabarani walifanya kazi vizuri. Kasumbalesa, Zambia yote hadi Nakonde, Tunduma, kisha Dar es Salaam: siku tatu ndani ya basi. Kila mpaka kulikuwa na mtu wao anayetungoja, kadi za njano za chanjo zikiwa tayari, na hakuna aliyetuzungusha. Hapo nawasifu.

Tatizo ni ratiba. Usiku tano Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Zanzibar, mchana mmoja tu Mji Mkongwe, na Bagamoyo iliandikwa "kama muda utaruhusu". Bima ambayo Zanzibar inawadai wageni tangu Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima, hawakuitaja hata siku ya kulipa.

Asubuhi ya kwanza Jambiani tulimaliza chai, watoto wakakimbilia ufukweni, wakasimama. Mbele yao mchanga mtupu, vidimbwi, safu za vigingi, na povu jeupe mbali sana kwenye mwamba. Mdogo akaniuliza, "Mama, maji ilienda wapi?" Sikuwa na jibu. Aliyelijua ni mama mmoja aliyechutama kati ya vigingi, akifunga vipande vya mwani kwenye kamba, kimoja kimoja, vidole vimekunjamana kwa chumvi. "Bamvua hii, mwanangu. Mwezi mpevu. Yatarudi alasiri." Akatueleza kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hukupwa mbali na kujaa sana, na kati ya hapo ni maji mafu, bahari haiendi mbali. Yeye hupanga kazi yake ya mwani kwa kalenda hiyo. Ajansi inayouza bahari ingeweza kuiangalia kabla ya kutupangia siku.

Alasiri maji yalirudi kweli, mazuri, rangi ambayo sijawahi kuiona kwenye kitenge chochote. Lakini Julai ni wakati wa kusi, upepo wa kusini, nao unapiga upande ule wa mashariki. Watoto walitoka majini wakitetemeka. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayakimbii mbali hivyo. Kwa wenye watoto, huko ndiko kwa kuomba.

Mji Mkongwe ulistahili siku tatu. Tulipata muda wa saa nne tu. Beit al-Ajaib, jumba la 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, tuliliona kwa nje. Muda wetu karibu wote uliishia Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Ndani kuna msalaba wa mti ambao chini yake moyo wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, ulizikwa, kule Chitambo, Zambia, nchi ileile tuliyokuwa tumeivuka kwa basi wiki iliyotangulia. Binti yangu mkubwa hakutaka kutoka. Tukaondoka Forodhani, bustani ya vyakula vya jioni, wakati wachomaji ndiyo kwanza wanawasha majiko. Iliniuma.

Bagamoyo tulijilipia wenyewe, siku ya mwisho, kwa daladala kutoka Dar, kilomita kama 70. Nkambo wangu, mzazi wa mzazi wangu, ni Muyeke wa Bunkeya, huko Katanga. Kwetu Msiri, mfalme wa Wayeke, si jina la kitabuni tu: alitoka upande wa Unyamwezi, na shaba na pembe za Katanga yetu zilisafiri hadi pwani hii. Msafara wa Stairs, afisa aliyetumwa kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambao ulimuua Msiri tarehe 20 Desemba 1891, ulianzia huku pia. Nilisimama kwenye ua wa Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, nikampigia nkambo simu. Hakuuliza habari za majengo. Aliuliza, "Kutoka hapo, bahari unaiona?" Nikatembea na simu sikioni hadi ufukweni, nikamsikilizisha mawimbi.

Tuliporudi nilienda ofisini kwao na ratiba mkononi. Msichana wa mapokezi alisikiliza vizuri, akaandika, akasema wateja wengi wanataka bahari tu. Inawezekana, lakini anayetoka Katanga aulizwe kwanza. Kwa usafiri na mipaka nitawatumia tena. Siku zangu nitazipanga mwenyewe: Bagamoyo tukiwa bado na nguvu, usiku tatu Mji Mkongwe, kisha Kendwa, na kalenda ya mwezi nitaiangalia kabla ya kulipa.