Jioni ya Kumsoma Poe Mjini Baltimore
Usomaji wa hadharani wa kazi za Edgar Allan Poe, mwandishi Mmarekani wa mashairi na hadithi za kutisha, una uzito wa pekee mjini Baltimore, Marekani, kwa kuwa ndiko alikofariki tarehe 7 Oktoba 1849 na ndiko alikozikwa, katika makaburi ya Westminster, ambako mwaka 1875 mabaki yake yalihamishiwa chini ya mnara unaoonekana leo.

Katika jioni niliyohudhuria, msomaji wa "The Tell-Tale Heart", hadithi ya mwaka 1843, alifanya jambo la busara: hakupaza sauti. Msimulizi wake ni muuaji anayeshikilia kwamba ana akili timamu, na utulivu huo ndio unaotisha. Kasi iliongezeka kidogo kidogo hadi mapigo ya moyo yaliposikika chini ya mbao za sakafu, na ukumbi ukatulia kama maji ya mtungini.

Sikupendezwa na kinanda kilichoambatana na "The Raven". Shairi hilo lina vina na mizani yake ya kutosha (aliyezoea kusikiliza tenzi atalitambua hilo mara moja), na muziki uliyafunika maneno. Hata hivyo tiketi inastahili bei yake, mradi uketi mbele na watoto wadogo wabaki nyumbani.