Cron iliniaibisha kwa bosi, na bado nabishana na nafsi yangu

Nimekaa na cron, ile programu ya kompyuta inayoendesha kazi kwa ratiba, miaka mingi bila ugomvi. Usiku inachukua nakala ya hifadhidata, alfajiri inafuta mafaili yaliyochakaa, haidai hata asante. Ndiyo maana iliponigeuka niliumia kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Bosi alitaka timu ikumbushwe ripoti kwa barua pepe kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi. Nikapiga hesabu: Jumatatu ya kwanza lazima iangukie kati ya tarehe 1 na 7. Nikaandika hivi, nikajiona fundi:

0 8 1-7 * 1

Dakika sifuri, saa 8 (saa mbili yetu hiyo), tarehe 1 hadi 7, mwezi wowote (ndiyo maana ya ile nyota), Jumatatu. Na hata hiyo 1 ya mwisho ilinitoa jasho. Sisi tunahesabu kuanzia Jumamosi, mosi, pili, tatu, lakini mashine inaanza na Jumapili kama sifuri. Mara ya kwanza niliweka 3 kwa sababu Jumatatu ina tatu ndani yake. Hiyo kwao ni Jumatano. Nililigundua mapema, nikajipongeza, nikaenda kulala.

Mwezi ukaanza. Barua ikaenda siku ya kwanza, na wala haikuwa Jumatatu. Nikadhani kuna mtu kagusa seva. Kesho yake ikaenda tena. Keshokutwa tena. Siku ya nne bosi akajibu, huku kawawekea watu wote nakala: "Ripoti tumeisikia. Au unatuona watoto?"

Natetemeka hata ninapoandika. Sikujibu. Ningemjibu nini, kwamba si mimi, ni nyota na tarakimu?

Kumbe kisa ni hiki. Dakika, saa na mwezi, cron inaviunganisha kwa "na": vyote vitimie. Lakini ukijaza tarehe na siku ya wiki kwa pamoja, hivyo viwili inaviunganisha kwa "au". Kimoja kikitimia, inafyatua. Kwa hiyo mstari wangu ulimaanisha tarehe 1 hadi 7 zote, pamoja na kila Jumatatu ya mwezi. Ukiacha nyota kwenye mojawapo, hilo "au" halionekani kabisa, ndiyo maana miaka yote hiyo sikuligusa. Mwenzangu wa kazini akaniambia kwa sauti ya upole, ile inayochoma kuliko tusi, "Lakini imeandikwa kwenye mwongozo." Imeandikwa, ndiyo. Nimeisoma. Hata shimo likiwekewa kibao, bado ni shimo! Nani anayesema "tarehe 1 hadi 7, Jumatatu" akamaanisha "au"?

Dawa waliyonipa ni kuacha siku ya wiki iwe nyota, halafu kuipima ndani ya amri yenyewe, namba ya siku ikiwa 1, yaani Jumatatu, ndipo ikumbushe:

0 8 1-7 * * [ "$(date +\%u)" = 1 ] && ./kumbusha

Ule mkwaju wa nyuma (\) kabla ya asilimia (%) mimi niliusahau. Cron huichukua asilimia kama mwisho wa mstari, amri ikakatwa katikati, na safari hii hakuna aliyekumbushwa chochote. Bosi akauliza ripoti ziko wapi.

Nikahamia Remind, programu nyingine ya vikumbusho, kwa hasira. Humo Jumatatu ya kwanza ni REM Mon 1, basi. Ukiweka siku na tarehe pamoja inaelewa "Jumatatu itakayofika tarehe hiyo au baada yake". Nilicheka peke yangu kwa furaha. Ila usidhani REM Fri 13 ni Ijumaa ya tarehe 13. Hiyo ni Ijumaa yoyote ya kwanza kuanzia 13, hata iwe 19.

Furaha yangu haikumaliza wiki. Nilitaka kengele ya kila siku isipokuwa wikiendi, nikatunga sharti (6 ni Jumamosi, 0 ni Jumapili, != ni "si", || ni "au"):

REM SATISFY [wkdaynum(trigdate()) != 6 || wkdaynum(trigdate()) != 0] MSG Amka

Kichwani nilisema "siku isiyo Jumamosi au Jumapili", nikaihamisha neno kwa neno. Jumamosi ilipofika, mashine ikajiuliza: si Jumamosi? Uongo. Au si Jumapili? Kweli kabisa, si Jumapili. Piga! Hakuna siku inayoweza kuwa Jumamosi na Jumapili kwa mpigo, kwa hiyo sharti langu lilikuwa kweli siku zote saba. Mtoto akaamka, nyumba nzima ikaamka.

Na hapo nikakosa wa kumlaumu. Ningeongea kama watu wanavyoongea, ningesema "si Jumamosi wala si Jumapili", na hiyo "wala" ndiyo && (yaani "na") niliyoihitaji. Nikabadilisha alama mbili tu, kukatulia. Baadaye nikagundua kwamba ningeweza kuandika REM Mon Tue Wed Thu Fri nikaachana na masharti yote. Hapo siku zikipangwa bega kwa bega ni "au". Sawasawa na lile "au" lililonitukanisha.

Nilianza kuandika haya nikiwa na nia ya kuipa cron nyota moja. Lakini Remind, kwa jinsi nilivyoiweka, haijiamshi yenyewe. Kila asubuhi inaitwa iangalie kama leo kuna jambo, na anayeiita ni cron ile ile, haijakosa hata siku moja. Mstari wake sasa ni 0 8 * * *. Nyota tatu. Haya, naipa hizo hizo.