Darasa la sataranji nililolilipia Mombasa: ningesema msiende, lakini kuna Jumamosi

Ninaandika haya hasira zikiwa hazijanitoka. Anayetaka kujua saa za darasa, ada na idadi ya meza atayakuta kwenye bango lao, kwa hiyo hayo nayaacha. Langu ni moja: mtu niliyemlipa anifundishe sataranji alininyima, mbele ya darasa zima, hatua ambayo kanuni za mchezo zinaniruhusu, akaniadhibu kwa kuijaribu, na nilipomwonyesha kanuni yenyewe alinijibu kwa kejeli. Jina la klabu silitaji. Iko kisiwani, ghorofani, na ngazi zake ni nyembamba.

Mimi ni mtu mzima, kazi yangu ni makaratasi ya mizigo bandarini, na sataranji niliingia kwa kutiwa aibu na watoto wa ndugu zangu waliokuwa wakinifunga kabla chai haijapoa. Mwendo wa kete niliujua. Nilichotafuta ni mtu wa kunionyesha kwa nini ninashindwa, na bango lilisema waziwazi kuwa darasa ni la wanaoanza. Ada ya mwezi hutangulizwa kwa M-Pesa, nami niliitanguliza.

Jioni yenyewe ilikuwa muda mfupi baada ya Idi. Mwalimu alikuwa ametupanga wawili wawili, na mimi nilipangwa na kijana wa sekondari, mpole, anayecheza vizuri kuliko mimi. Nilikuwa na kete nyeupe. Mfalme wangu alikuwa bado e1 na ngome yangu h1 (kila mraba huitwa kwa herufi ya safu yake, a hadi h, na namba ya mstari wake, 1 hadi 8), zote mbili hazijasogezwa tangu mchezo uanze, na f1 na g1 palikuwa patupu. Askari wangu wa g nilikuwa nimemsukuma mbele, farasi wa f3 alikuwa amekwisha ruka kwenda e5, na askofu wa kijana alikuwa ametulia b7, ulalo mzima kutoka kwake hadi kwenye ngome yangu ukiwa wazi kama barabara ya Nyali alfajiri. Ngome ilikuwa inashambuliwa. Nikatafuta namna ya kuiokoa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo nikaiona mwenyewe bila kuambiwa: nimwingize mfalme ngomeni. Mfalme asogee miraba miwili hadi g1, ngome imruke na kusimama f1, basi mfalme amepata makazi na ngome imetoka kwenye hatari kwa hatua ile ile moja. Nikamshika mfalme, nikamweka g1.

Sikuwahi kuigusa ngome. Mwalimu, aliyekuwa akipita nyuma yangu, alinyoosha mkono juu ya bega langu, akamrudisha mfalme e1 na kutangaza kwa sauti ya kusikiwa na meza zote kwamba mtu haingii ngomeni ngome ikiwa inashambuliwa. Nikamwambia kwa upole, “Mwalimu, nilidhani katazo hilo ni la mfalme tu.” Akasema, “Mzee, ushagusa mfalme, cheza mfalme.” Yaani alichukua kanuni ya kweli, ile inayosema kuwa kete uliyoigusa kwa kusudi lazima uicheze, akaipandisha juu ya kanuni ya uongo aliyoitunga yeye, na kwa muungano huo nikalazimika kumsogeza mfalme hadi f1, mahali pasipo na maana yoyote. Kijana akaniangalia kwa huruma, akaila ngome bure.

Nilinyamaza hadi mapumziko. Kisha nikafungua simu, nikatafuta Kanuni za Sataranji za FIDE, ambalo ndilo shirikisho la dunia la mchezo huu, lililoundwa Paris mwaka 1924, na ambalo kanuni zake ziko wazi mtandaoni kwa kila mtu, bure. Kifungu cha 3.8 hakina fumbo. Haki ya kuingia ngomeni hupotea kabisa ikiwa mfalme amekwisha sogea, au ngome husika imekwisha sogea. Huzuiliwa kwa muda ikiwa kuna kete kati yao, au ikiwa mraba aliosimama mfalme, au anaoupita, au anaoufikia, unashambuliwa na kete ya mpinzani. Ngome kushambuliwa hakutajwi popote, kwa sababu hakuzuii kitu. Nikampelekea simu nikiwa nimekwisha itia alama sehemu hiyo, na sikusema neno zaidi ya “Mwalimu, naomba utazame hapa.”

Hakutazama. Alisema, na maneno haya nayanukuu kama yalivyotoka: “Sheria za simu kasome nyumbani kwako. Wewe umezoea drafti za kibarazani, hapa kunachezwa sataranji.” Wanafunzi wawili watatu wakacheka, kama watoto wanavyocheka mtu mzima anapokaripiwa.

Nayaona maneno hayo kuwa dhuluma mara mbili, maana hata hao wa kibarazani hawakutendewa haki. Nimekaa sana na wazee wa Mji wa Kale wanaocheza bao, na nimeshuhudia ugomvi mkubwa ukizuka juu ya kete moja tu. Lakini sijaona hata siku moja mzee akikataa kete zirudishwe mashimoni na mtaji, yaani hatua ya kula, uhesabiwe upya mbele ya wote. Hukasirika, hutukana kidogo, kisha huhesabu. Huyu wetu wa ghorofani hakuhesabu.

Jambo lenyewe, tena, si geni wala si la aibu. Mwaka 1974, katika fainali ya kumtafuta mgombea wa ubingwa wa dunia iliyochezwa Moscow, Viktor Korchnoi alikuwa akicheza mchezo wa 21 dhidi ya Anatoly Karpov, na ngome yake ikawa inashambuliwa vile vile. Korchnoi, mmoja wa wachezaji wenye nguvu kuliko wote waliokuwapo duniani wakati ule, hakuwa na hakika, akamwendea mwamuzi kumuuliza kama anaruhusiwa kuingia ngomeni. Akaambiwa anaruhusiwa, akaingia, akashinda mchezo huo. Hakupungukiwa na heshima kwa kuuliza, wala mwamuzi kwa kujibu. Mwaka uliofuata Karpov akawa bingwa wa dunia, na sidhani kama kuna aliyemwambia Korchnoi akacheze drafti.

Tangu jioni ile kila kitu cha darasa lile kilianza kunichoma, na yale niliyokuwa nikiyavumilia nikaacha kuyavumilia. Kubwa kati ya hayo ni kukaririshwa. Karibu kila kipindi mwalimu alituandikia ubaoni ufunguzi wa Sisilia, tawi la Najdorf, yaani mfululizo wa hatua za mwanzo wa mchezo uliokwisha pangwa, hatua kwa hatua, nasi tukanakili kama watoto wa chuoni wanaonakili wasichokielewa. Uzuri wa Najdorf siupingi; mabingwa wameutumia miaka na miaka. Lakini mpinzani wa mwanafunzi anayeanza hakukariri kitu, na hatua ya tatu amekwisha toka nje ya daftari, na hapo daftari lote huwa karatasi tupu. Anayeanza anahitaji mambo machache ya mwanzo: ashike katikati ya ubao kwa askari, atoe farasi na maaskofu mapema, amfiche mfalme, asimtembeze malkia ovyo kabla ya wakati. Ajue pia kwa nini f7 na f2 hushambuliwa sana, kwamba mwanzoni mwa mchezo miraba hiyo hulindwa na mfalme peke yake, na kwamba ule mtego wa hatua nne, malkia h5 na askofu c4, huzimwa kwa kumsukuma askari wa g hatua moja kumfukuza malkia. Hilo la mwisho nililijua baada ya kufungwa nalo mara nyingi, na si ghorofani nilikolijua.

La pili ni michezo ya dakika tatu tatu inayofunga kila kipindi. Vijana huipenda, saa zinagongwa, kelele zinapanda, na hakuna anayekumbuka baadaye alichokicheza. Kwa anayeanza hilo ni zoezi la vidole.

Hadi hapa shauri langu lilikuwa msiende, na ningelikomea hapo kama si Jumamosi.

Jumamosi asubuhi mwalimu huyo hayupo. Darasa hushikwa na dada mmoja wa chuo kikuu, msaidizi tu, ambaye sidhani analipwa zaidi ya nauli. Jioni ile ya ugomvi alikuwa amekaa pembeni akipanga kete masandukuni, na nilipokuwa nakusanya vitu vyangu niondoke nisirudi tena alinifuata hadi kwenye ngazi, akaniambia kwa sauti ya chini, “Ami, hatua yako ilikuwa sahihi. Njoo Jumamosi, nikuonyeshe kitu.” Nikaenda, kwa hasira zaidi kuliko kwa hamu ya kujifunza.

Aliondoa kete zote ubaoni, akabakisha tatu: wafalme wawili na askari wangu mmoja. Akaniambia kuwa José Raúl Capablanca, Mkuba aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alisisitiza kuwa masomo yaanzie mwisho wa mchezo, kwa sababu huko kete ni chache na kila moja huonekana inafanya nini. Akamweka mfalme wangu e5, askari wangu nyuma yake e4, na mfalme wake e7. Akauliza, “Nani anashinda?” Nikasema mimi, nina askari. Akasema inategemea zamu ya nani. Tukaucheza. Ilipokuwa zamu yake alilazimika kunipisha: akienda d7, mimi nikaenda f6 upande wa pili, na askari wangu akapata njia hadi mwisho akawa malkia. Ilipokuwa zamu yangu, palepale, kete zile zile, nikawa mimi ninayelazimika kupisha. Kila nilikokwenda alisimama mbele yangu tukiachana mraba mmoja, na mchezo ukaisha sare.

Kisha akaniachia nicheze nilivyozoea, yaani kumkimbiza askari mbele na mfalme nyuma. Tulifika mahali askari wangu alikuwa e7, mfalme wangu e6 na mfalme wake e8, zamu yake. Mfalme wake hakuwa na cheki, yaani hakushambuliwa, wala hakuwa na pa kwenda, hivyo ikawa sare, na ushindi nilioudhani uko mkononi ukaniponyoka. Akaturudisha nyuma, akaonyesha kuwa ningetanguliza mfalme hadi e6 na kumwacha askari e5, mfalme wake akiwa e8, ningeshinda iwe zamu yake au yangu. “Mfalme kwanza, ami, askari baadaye,” alirudia kila nilipojisahau, na akanitahadharisha kuwa kwa askari wa pembeni kabisa, wa a au wa h, kanuni hiyo haishiki, kwa sababu mfalme anayejihami akijibanza kwenye kona hatoki.

Asubuhi ile moja ilinifunza kuliko madaftari yote ya Sisilia. Nilianza kuelewa hata katikati ya mchezo, maana sasa nilijua ni mabadilishano gani ya kete yanayonipeleka kwenye mwisho mzuri na yapi yananipeleka kubaya. Yeye ndiye pia aliyenielekeza kwenye Lichess, tovuti ya sataranji isiyotoza chochote na isiyo na matangazo, nikafumbue mafumbo machache kila siku, yale ya farasi kushambulia mfalme na malkia kwa pamoja na mengine kama hayo, bila kukimbilia kubahatisha. Akanikataza michezo ya dakika tatu. Alinitaka nicheze ya dakika 15 na sekunde 10 za nyongeza kwa kila hatua, niandike hatua zangu, na baada ya kushindwa niupitie mchezo mwenyewe nikitafuta palipoharibika kabla sijaiuliza kompyuta. Watoto wa ndugu zangu bado wananifunga, lakini siku hizi chai hupoa kwanza.

Basi nisemeje? Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwazuia watu wasikanyage pale. Sasa naona kuwa anayeanza akienda Jumamosi peke yake atapata mafunzo ambayo sijayakuta penginepo hapa mjini, na ningemhimiza aende. Lakini klabu haiuzi Jumamosi peke yake. Nimeuliza, wakasema ada ni ya mwezi mzima, uje usije. Maana yake ni kwamba kila shilingi unayompa yule dada inapitia kwanza mkononi mwa bwana asiyetaka kutazama kifungu cha 3.8, na nikiwaza hivyo shauri langu linageuka tena. Wanaoweza kustahimili waende, wakae meza za nyuma siku za kati ya wiki, au wasiende kabisa siku hizo. Wazazi wanaotaka kuwapeleka watoto wafikirie mara mbili, kwa kuwa mtoto akinyimwa haki yake ubaoni hatabisha. Ataamini amekosea, na ataibeba kanuni ile ya uongo hadi kwenye mashindano, akaache ngome iliwe huku njia ya kuiokoa iko wazi.

Kuhusu mimi, mwezi wangu ulipoisha niliombwa nilipie mwingine. Nimejibu kuwa nitalipa siku mwalimu atakaposimama mbele ya wale wale waliocheka na kusoma kifungu hicho kwa sauti. Hadi ninapoandika haya sijajibiwa.