Kozi ya algoriti ya MIT 6.006: nilivyoisoma nikiwa Tanga

Kama unaandika programu na hujawahi kusoma algoriti (hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta) kwa utaratibu, anza na kozi namba 6.006 ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, ile iliyorekodiwa mwaka 2011. Ni bure kwenye MIT OpenCourseWare, tovuti ya masomo ya chuo hicho: video za mihadhara 24, mazoezi na mitihani. Mimi nilinunua bando la usiku, nikashusha zote, nikawa nazitazama nyumbani Ngamiani bila kuwaza bando.

Mhadhara wa kwanza anaufundisha profesa Srini Devadas. Anaandika safu ya namba ubaoni, anataka utafute kilele, yaani namba isiyozidiwa na jirani zake. Ukikagua moja moja, huenda ukaimaliza safu nzima. Yeye anatazama ya katikati: jirani wa kushoto akiwa mkubwa, anahamia kushoto na nusu ya kulia anaiacha. Kwa namba milioni moja, hatua kama 20 zinatosha! Nilisimamisha video nikashika kalamu mpaka nikaona kwa nini kilele hakikosekani upande ule: ukizidi kupanda, ama utafika juu, ama utafika mwisho wa safu, na namba ya mwisho nayo inakuwa kilele. Hapo ndipo penye utamu wa kozi hii. Huambiwi tu ufanye nini, unathibitishiwa kwamba njia haiwezi kukosea.

Faida nimeiona kazini. Natunza orodha ya wateja wa duka la vipuri, majina 20,000, mengine yamejirudia. Kulinganisha kila jina na mengine yote ni karibu mara milioni 200. Ukiyapanga kwanza kwa merge sort (njia ya kugawa orodha nusu kwa nusu, kisha kuziunganisha kwa mpangilio), aliyoibuni John von Neumann mwaka 1945, yanayofanana yanakaa pamoja. Kupanga na kukagua kwa jumla hakufiki mara laki tatu. Kompyuta ni ile ile.

Ila uje ukiwa unajua kidogo Python, lugha ya programu, na hesabu za logi (logarithm) usiwe umezisahau. Kiingereza nacho kinakwenda mbio. Mihadhara ya 19 hadi 22, ya mwalimu mwingine, Erik Demaine, ndiyo migumu kuliko yote. Irudie, na mazoezi usiyaruke.

Leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa bila biashara. Mlioko Tanga mjini, njooni na flashi, nitawawekea bure.