Linux Mint Xfce au antiX kwa kompyuta kuukuu?

Yote miwili ni mifumo endeshi ya Linux, ya bure, na cha kwanza kuangalia ni RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Mint yenye Xfce, mazingira mepesi ya skrini na menyu, inadai angalau GB 2, ingawa raha yake huanzia GB 4. antiX, iliyojengwa juu ya Debian, mfumo mwingine wa Linux, hutumia IceWM, kidhibiti chepesi cha madirisha, kwa hiyo hata mashine ya GB 1 bado inapumua. Prosesa ya biti 32, aina ya zamani, nayo humaliza ubishi mapema: Mint inayotokana na Ubuntu, nayo pia Linux, iliachana na prosesa hizo kuanzia toleo la 20, mwaka 2020, ilhali antiX 23 bado inazihudumia.

Kwa urahisi, Mint inashinda bila jasho. Menyu, masasisho, printa, vyote viko pale unapovitarajia. antiX ina sura ya kizamani na mipangilio iliyotawanyika, mgeni atahangaika.

Ila usidanganywe na wepesi wa mfumo. Mlaji mkuu ni kivinjari, na kurasa za siku hizi zitailemea GB 1 hata ndani ya antiX. Mashine ikikubali, ongeza RAM, weka SSD (diski ya kasi), kisha chukua Mint. antiX ningeiachia zile mashine zisizoongezeka kitu.