Kuchomelea bomba wanajua, kupima hawajui: uzoefu wangu na mafundi wa bafu

Choo kimegoma kukaa. Kinashushwa juu ya mdomo wa bomba la maji taka, na kabla hakijafika mahali pake tangi lake linagonga vigae. Kinakosa karibu sentimita tatu. Na hawa ni watu waliolipwa kwanza kuandaa mpango wa mabomba, wenye mchoro na vipimo, kabla ya kugusa hata patasi.

Kwa asiyejua kazi hii: choo cha kukaa ambacho uchafu wake unashuka sakafuni kina kipimo kimoja kisicho na mjadala, umbali kutoka ukutani hadi katikati ya tundu la bomba. Kwa vyoo vingi ni milimita 305, yaani inchi 12. Sasa, ukuta upi? Ukuta uliokwisha kupigwa plasta na kubandikwa vigae, si tofali tupu. Msimamizi wao aliegemeza futikamba kwenye tofali, akasoma 305, akatia alama, vijana wakalaza bomba, zege likamwagwa. Baadaye ikaja plasta milimita 15, gundi 5, kigae 9. Jumla 29. Kutoka usoni mwa kigae hadi katikati ya tundu zikabaki 276. Angepima 334 kutoka kwenye tofali, tusingekuwa na maneno.

Mbaya zaidi ni kwamba aliulizwa. Futikamba ikiwa mkononi, aliulizwa kama ameshajua unene wa vigae. Jibu lake: "Mama, choo ni choo tu. Hayo tuachie mafundi." Haya, tukawaachia mafundi. Tangi lilipogonga ukuta, mtu yuleyule akatangaza kwamba vigae ndivyo vinene. Kigae cha milimita 9! Hicho ni kigae cha kawaida kabisa, na hata kingekuwa cha 12, kazi ya mpango ni kukijua kabla, si kukilaumu baada.

Akaja na tiba zake. Ya kwanza, choo kibaki mbele kilipoishia, halafu pengo kati ya mdomo wa choo na tundu la sakafuni lijazwe saruji. Hii ndiyo iliyonipandisha presha. Mdomo ukikaa pembeni ya tundu, kila maji yakishuka sehemu yake inagonga ukingo na kutafuta njia chini ya choo. Harufu inafuata, kisha unyevu kwenye dari la chini kama kuna ghorofa. Tena saruji ngumu chini ya choo cha kauri ni balaa lenyewe: kauri haina pa kupumulia, inapasuka, na siku ya kukitoa huna njia ila kukivunja.

Ya pili, vigae vya nyuma ya tangi vichimbwe hadi kwenye tofali. Yaani utoboe tabaka la kuzuia maji lililopakwa mara mbili, ili kuficha kosa la futikamba.

Ya tatu ilikuwa na unafuu kidogo: kiungo chenye shingo iliyopinda, cha kusogeza mdomo. Vipo, na kuna mahali vinasaidia. Lakini vinaweka kikwazo palepale uchafu unapopaswa kuanguka wima, karatasi zinanasa, na bomba la sakafuni lisipokatwa chini ya kutosha, choo kizima kinanyanyuka na kuyumba.

Dawa ya kweli ni mbili tu. Ama wavunje zege, wakate kona ya bomba la milimita 110, wairudie mahali sahihi, wapime mteremko upya, wapake tena dawa ya kuzuia maji na kujaza maji sakafuni kwa saa 24 kuona kama panavuja. Ama kinunuliwe choo cha kipimo cha inchi 10, yaani milimita 254. Ukitoa 254 kwenye 276 unabaki na upenyo wa milimita 22 nyuma ya tangi, ambao hauna ubaya wowote. Katika kundi lote lile hakuna aliyetaja choo cha inchi 10. Hakuna!

Nisiwe mchoyo wa haki, kuna kijana mmoja pale sina neno naye. Ndiye aliyechomelea mabomba ya PPR ya maji safi, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, na kazi yake ungeweza kuifundishia. Mashine aliiacha ifike nyuzijoto 260 ndipo akaanza. Bomba la milimita 20 alilipa moto sekunde 5, la 25 sekunde 7. Kabla ya moto alipiga alama ya kalamu kuonyesha bomba liingie kiasi gani, milimita 14 kwa la 20 na 16 kwa la 25, akalisukuma moja kwa moja bila kulizungusha, akalishikilia hadi likatulia. Wengi wanasukuma kwa nguvu wakidhani ndiyo uimara. Plastiki inajikunja kwa ndani na kuziba nusu ya njia, kisha mwenye nyumba anahangaika na shawa inayodondosha maji kama pua yenye mafua, na kichwa cha shawa kinabadilishwa bure.

Jaribio la presha pia alilifanya inavyotakiwa, kabla ya plasta. Alifunga midomo yote kwa vizibo, akatoa hewa, akapampu hadi baa 10. Mshale ulishuka kidogo mwanzoni. Hiyo si kuvuja, PPR hutanuka kidogo inapopewa presha. Akaongeza, akauacha, ukatulia. Fundi asiyejua hilo ama anakutisha bure ama, mbaya zaidi, anazoea kusema "huwa inashuka tu" hata pale panapovuja kweli.

Maji taka nayo, ukiacha choo, hayana kasoro: bomba la milimita 50 kwa shawa, 40 kwa beseni, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, na bomba la hewa limepandishwa hadi juu ya paa ili maji ya kwenye trapu, ile kona inayobaki na maji kuzuia harufu, yasivutwe. Kwa hayo nilikuwa tayari kuwapa nyota nne na kusema choo ni bahati mbaya.

Si bahati mbaya. Ni ugonjwa uleule, umesambaa bafu zima. Mtu anayepima kutoka kwenye tofali hapimi hivyo kwa choo peke yake.

Tazama miksa ya shawa, koki ya kuchanganya maji moto na baridi, ile inayofichwa ukutani. Inakuja na kifuniko cha plastiki chenye alama mbili, ya chini na ya juu, na uso wa kigae lazima uangukie katikati ya alama hizo. Hawa waliizamisha kwa kufuata tofali. Vigae vilipopanda vikapita alama ya juu, na sasa mkono wa kufungulia haufikii mhimili wake. Kuna kipande cha kurefushia kinachouzwa peke yake, ikiwa mtengenezaji anacho. Asipokuwa nacho, ni kubomoa.

Tazama tena chini ya beseni. Kona za PPR zenye nyuzi za shaba, zile zinazopokea koki ndogo, midomo yake inatakiwa ilingane na uso wa kigae. Zimezama. Kila moja imewekewa kipande cha kuunganishia, na kila kipande ni maungio ya ziada ndani ya ukuta ambapo jicho halifiki. Halafu wakazungushia tepu nyeupe kwa fujo na kukaza kwa spana kubwa. Nyuzi za shaba zikikazwa kupita kiasi zinatanua plastiki iliyozishika. Ufa hauonekani siku hiyo, unaonekana baadaye, rangi ya ukuta wa upande wa pili inapoanza kuvimba.

Na mchoro wao! Ninao mbele yangu. Rangi nzuri, nyekundu kushoto kwa maji moto, buluu kulia kwa baridi, idadi ya kona na tii imeandikwa hadi ya mwisho. Hauna sehemu hata moja inayosema vipimo vinaanzia wapi. Kimo cha miksa sentimita 110, kichwa cha shawa 210, koki za beseni 55: kutoka sakafu ipi? Ile ya zege au ile yenye vigae? Kati ya hizo mbili kuna skridi (saruji ya kusawazisha sakafu), gundi na kigae, yaani sentimita kadhaa. Fundi makini anapiga mstari kuzunguka kuta zote, mita 1 juu ya sakafu iliyokamilika, kwa pimamaji ya bomba au ya mwanga, na kila kimo kinahesabiwa kutoka kwenye mstari huo. Kwenye kuta anapaka vibonge vya plasta vya kuonyesha unene wa mwisho, ndipo anapoweka midomo ya mabomba. Kazi hiyo haichukui hata nusu siku. Na kabla ya yote anadai aone choo, miksa na kigae kimoja hapohapo bafuni, vikiwa kwenye maboksi yake. Asipovidai, usimruhusu achimbe.

Nilifikia nyota mbili: moja ya kijana wa mashine, moja ya mteremko. Hata nilifikiria kuwashauri watu wawaite kwa maji safi tu, na upimaji wampe mtu mwingine. Kisha ankara ikaja. Imeandikwa "marekebisho ya choo" kama kazi ya ziada, na chini yake "vipande vya kurefushia, kutokana na unene wa vigae". Nimewarudishia ankara pamoja na mchoro wao, nimezungushia ile 305 kwa kalamu nyekundu, na choo cha inchi 10 watakinunua wao. Nyota moja, na hiyo ni ya kijana.