Stuli ya Noguchi ya aluminiamu: ni meza au ni sanamu?

Oya wadau niaje, leo tuna kitu kidogo tu. Hii stuli inaitwa Prismatic Table, kaibuni Isamu Noguchi mwaka 1957, na huyu jamaa hasa hasa alikuwa mchonga sanamu, kazaliwa Los Angeles 1904, baba Mjapani mama Mmarekani, ujanani kafanya kazi kwa Brancusi, mchonga sanamu maarufu, kule Paris.

Sasa ngoja nisogeze kamera. Unaona hapa juu pembe sita, na mistari mitatu inakutana katikati? Hivyo ni vipande vitatu vya bati la aluminiamu vinavyofanana, kila kimoja kimekunjwa kikashuka mpaka chini kikawa mguu, nikiigeuza hivi muone, tumbo tupu, hamna fremu hamna nini. Mtu atauliza sasa bati jembamba hivi linabebaje? Chukua karatasi ishike ncha moja, inalegea, si ndio? Ikunje katikati kwa urefu uishike tena, inanyooka. Basi nguvu iko kwenye mkunjo, unene hauhusiki sana, na ndo maana naiinua kwa mkono mmoja huku naongea na nyie.

Ilianzia Alcoa, wale wazalishaji wa aluminiamu wa Marekani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia walitaka aluminiamu iingie majumbani wakawapa wasanii na wabunifu kazi ya kutengeneza vitu vya kuonyesha kwenye matangazo. Yaani hii ilikuwa ya tangazo, madukani haikufika, mpaka miaka mingi mbele Vitra, kampuni ya samani ya Uswisi, ndo wakaanza kuitoa. Ila Noguchi bati lilikuwa limeshamkolea, 1958 na 1959 akawa anakunja sanamu nzima nzima za aluminiamu New York kwenye karakana ya Edison Price, mtu wa taa.

Mabaya yake sasa. Rangi ikichubuka kwenye kona utaiona kila siku, maana kona ndo stuli yenyewe. Halafu ile mistari ya juu inashika makombo balaa. Na kimo hakifiki sentimita 40, kwa masofa yetu ya mikono minene mirefu utakuwa unainama kutafuta chai yako, hii weka na kiti kifupi, au kando ya godoro la chini.

Feki zake zipo, ukiona ya miguu ya kuchomelea chini ya kibao bapa, achana nayo aisee, hiyo ni stuli ya kawaida imenyooshewa bei.